Ser au estar? Uliza Kiswahili chako kwanza

Vitabu vingi vya Kihispania cha mwanzo, na programu nyingi za simu, humpa mwanafunzi kanuni moja fupi kuhusu vitenzi viwili vya "kuwa": *ser* ni ya mambo ya kudumu, *estar* ni ya mambo ya kupita. Kanuni hiyo ni rahisi kukariri, na inapotosha. Mlima Kilimanjaro haujahama, lakini Kihispania husema *el Kilimanjaro está en Tanzania*. Marehemu harudi, lakini husemwa *está muerto*. Saa tisa alasiri huja na kupita, lakini husemwa *son las tres*, kwa *ser*.

Kanuni hiyo iliwalenga watu ambao lugha zao zina kitenzi kimoja tu mahali ambapo Kihispania kina viwili. Wao lazima wafundishwe kuona mambo mawili katika kitu wanachokiona kimoja. Mzungumzaji wa Kiswahili hana shida hiyo. Anaposema "Juma ni kipa", kisha akasema "Juma yuko golini", amekwisha kutumia *ser* na *estar* bila kufundishwa na mtu. Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote anayesita kati ya vitenzi hivi ni kuanzia kwenye Kiswahili moja kwa moja, bila kupitia Kiingereza wala Kifaransa. Hili la Kifaransa nalisema hasa kwa wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda waliokisomea shuleni: *être* hubeba kazi zote mbili peke yake, na ukipitia huko utafika kwenye Kihispania umeiacha njiani tofauti ambayo Kiswahili chako kilikuwa nayo tangu mwanzo.

Sura za vitenzi vyenyewe

| Nafsi | *ser* | *estar* | Kiswahili upande wa *estar* |
|---|---|---|---|
| mimi (*yo*) | soy | estoy | niko, nipo |
| wewe (*tú*) | eres | estás | uko, upo |
| yeye (*él, ella*), pia *usted* | es | está | yuko, yupo |
| sisi (*nosotros*) | somos | estamos | tuko, tupo |
| ninyi (*vosotros*) | sois | estáis | mko, mpo |
| wao (*ellos, ellas*), pia *ustedes* | son | están | wako, wapo |

Angalia safu ya mwisho. Niko, uko, yuko, tuko, mko, wako: sura sita kwa sita, kila nafsi na yake. Upande wa *ser* Kiswahili kina "ni" moja tu isiyobadilika, na hapo ndipo kazi ya kukariri ilipo. Safu ya *vosotros* hutumika Hispania. Amerika ya Kihispania yote huwaambia watu wengi *ustedes*, kwa hiyo anayejifunza kwa ajili ya Meksiko au Kolombia anaweza kuiruka. Argentina na Uruguay, badala ya *tú eres*, utasikia *vos sos*. *Estás* hubaki ilivyo.

Kwa kukariri, *estar* ni nyepesi zaidi. Wakati uliopo una *estoy* ya peke yake pamoja na alama za mkazo, na wakati uliopita una *estuve*. Karibu sura nyingine zote hufuata vitenzi vya kawaida vya *-ar*. *Ser* imeunganishwa kutoka vitenzi viwili vya Kilatini, *esse* (kuwa) na *sedere* (kuketi), ndiyo maana *soy*, *era* na *fui* hazifanani na *sea*, *seré* na *sido*. *Estar* imetoka kwa *stare*, yaani kusimama. Ukitaka kujua wapi utatumia muda wako: *ser* ni ngumu kuikariri lakini rahisi kuitumia, na *estar* ni kinyume chake.

Kuna jambo la matamshi linalotuhusu sisi kuliko wanafunzi wengine. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wetu hutaka kufanya hivyo kila mahali. *Está* hukazwa mwisho: es-TÁ. Ukikaza mwanzo umesema *esta*, yaani "hii" au "huyu" wa kike, na sentensi yako imebaki bila kitenzi. Jizoeze kwa sauti: es-TOY, es-TÁS, es-TÁ, es-TÁN. *Estamos* haitakusumbua kwa sababu mkazo wake uko pale pale tulipouzoea. *Soy* ni silabi moja, si "so-yi", na *fue* pia ni silabi moja.

Penye "ni", anza na ser

Jina, kazi, taifa, ukoo, dini, umbo la kitu, siku na saa: *soy Amina, es médica, somos kenianos, hoy es lunes*. Saa husemwa kwa wingi isipokuwa saa saba, *es la una*. Na kumbuka kuhesabu upya, maana saa tisa yetu ni *las tres* yao. Kile kiunganishi chetu cha "-a", katika wa, ya, cha na la, nacho huenda na *ser de*: meza ni ya mbao, *la mesa es de madera*; kitabu ni cha Rosa, *el libro es de Rosa*; mimi ni wa Mombasa, *soy de Mombasa*. Hapa hakuna la kujadili zaidi.

Penye -ko, -po na -mo, estar

Mahali ni pa *estar*, iwe kitu kinahama au hakihami. Malabo iko katika kisiwa cha Bioko, *Malabo está en la isla de Bioko*, na huko Guinea ya Ikweta, ambako Kihispania ni lugha rasmi, utaisikia sentensi ya namna hiyo kila siku. Sisi hatusemi "Malabo ni Bioko". Tunasema iko, na *está* inafuata yenyewe.

Matukio tu ndiyo yanayokwenda kwingine, na wanafunzi wengi huambiwa wayakariri kama maajabu. Wapenzi wa ligi ya Hispania watalielewa upesi. Uwanja uko Madrid: *el Bernabéu está en Madrid*. Mechi ni Bernabéu: *el partido es en el Bernabéu*. Kiswahili nacho huruhusu "mechi ni wapi?" na "harusi ni Tanga", wakati hakiruhusu "uwanja ni wapi?" Tukio linalofanyika mahali, kama mechi, harusi, mkutano au mtihani, huchukua *ser*, kitu kilichopo mahali huchukua *estar*. Kweli, wengi wetu husema pia "harusi iko Tanga". Basi jaribu kuweka "inafanyika". Ikikubali, ni *ser*: *la boda es en Tanga*.

Usichanganye haya na "kuna", "pana" na "mna". Kuna benki hapa? *¿Hay un banco aquí?* Benki iko wapi? *¿Dónde está el banco?* Tofauti hiyo ni ile ile tuliyonayo, na *hay* haibadiliki kwa umoja wala kwa wingi.

Kiambishi -me-, ufunguo ambao vitabu havina

Hapa ndipo ningependa msomaji akae zaidi, kwa sababu ndipo Kiswahili kinapompa kitu ambacho wengine hukitafuta kwa miaka.

Kiswahili hakisemi "yeye ni -choka". Kinasema amechoka. Kitu kimetokea, na sasa mtu yuko katika hali iliyobaki baada ya kutokea huko. Hiyo ndiyo kazi ya *estar* mbele ya kivumishi au kitenzi cha *-ado* na *-ido*. Amechoka, *está cansado*. Amekasirika, *está enfadado*, au *está enojado* katika Amerika. Mlango umefungwa, *la puerta está cerrada*. Ameumia, *está lesionado*. Ameotea, *está en fuera de juego*. Glasi imejaa, *el vaso está lleno*. Imekatazwa kuvuta sigara, *está prohibido fumar*. Na amekufa, *está muerto*. Fumbo lile la mwanzo, kwamba kifo kinadumu ilhali *estar* ni ya kupita, linakwisha hapo. *Estar* haisemi habari za kupita. Inasema kwamba kitu kimeingia katika hali fulani na bado kimo.

Hata mikao ya mwili inafuata. Amekaa ni *está sentado*, amelala ni *está dormido*. Mwanafunzi anayetoka Kiingereza hukazana kutafuta tendo linaloendelea, kwa kuwa kwao mtu "anakaa" muda wote alio kitini. Sisi tunajua kwamba ameshakaa.

Jaribio hili linafanya kazi nzuri zaidi pale kivumishi kimoja cha Kihispania kinapokubali vitenzi vyote viwili. Weka Kiswahili cha "ni" upande mmoja na cha "-me-" upande wa pili. Ni mlevi, *es borracho*. Amelewa, *está borracho*. Ni mnene, *es gordo*. Amenenepa, *está gordo*. Ni mzuri, *es guapa*. Amependeza, *está guapa*. Shangazi anayemkuta mtoto wa ndugu yake baada ya mwaka na kusema "jamani, umerefuka!" angesema kwa Kihispania *¡qué alto estás!*, ingawa urefu ule mtoto hataupoteza. Anachokisema shangazi ni jinsi alivyomkuta. "Aina yake" dhidi ya "nilivyomkuta": kama ningelazimika kutoa maneno mawili tu ya kubeba mfukoni, ningetoa hayo.

Jaribio lina mpaka wake, na lazima niuonyeshe. Si kila -me- ni hali. Amefika, amekula, amenunua: haya ni matendo yaliyokamilika, na Kihispania huyapa kitenzi *haber*, yaani *ha llegado, ha comido, ha comprado*. Usiseme *está llegado*. Jiulize -me- yako inajibu swali gani. Ikijibu "yukoje sasa?" chukua *estar*, ikijibu "amefanya nini?" chukua *haber*. "Amekaa" na "amechoka" hujibu la kwanza, "amekula" hujibu la pili. Ndoa husitasita: *está casado* (ameoa) husikika kote, lakini katika nchi nyingi za Amerika *es casado* nayo ni ya kawaida, kama sisi tunavyosema "ni mume wa mtu".

Zawadi nyingine imo katika kauli za vitenzi. Dirisha lilivunjwa na watoto, *la ventana fue rota por los niños*: kauli ya kutendwa, mtendaji anatajwa, *ser*. Dirisha limevunjika, *la ventana está rota*: kauli ya kutendeka, hakuna anayetafutwa, *estar*. Yeyote anayetofautisha "-vunjwa" na "-vunjika" bila kufikiri ana uwezo wa kutofautisha *fue rota* na *está rota*. Afundishwe tu kwamba anao.

Pale "ni" inapodanganya

Kiswahili si kioo kamili cha Kihispania. Yapo maeneo ambapo tunasema "ni" na Kihispania kinataka *estar*, na hayo ndiyo ya kuchunga.

La kwanza ni afya. "Ni mgonjwa" humvuta mtu kwenye *es*, lakini ni *está enfermo*. Pitia "anaumwa" na utapona mtego. La pili ni chakula na vinywaji vilivyo mbele yako. Chai ni ya moto, *el té está caliente*. Supu ni tamu, *la sopa está rica*. Maji ni baridi, *el agua está fría*. Umeonja au umegusa, unasema ulivyokuta. *La nieve es fría* ni sahihi, maana hapo unaeleza theluji kwa asili yake. La tatu ni usafi, uchafu na utupu: kikombe ni kichafu, *la taza está sucia*. Na la nne ni "ni sawa" na "ni vizuri". Mbele ya *bien* na *mal* Kihispania huweka *estar*: *está bien, está mal*. Wakenya wanaosema "iko sawa" na "niko sawa" wameshafika. Lakini "ni lazima", "ni muhimu" na "ni vigumu" hubaki kwa *ser*: *es necesario, es importante, es difícil*.

Utajiri na umaskini, ingawa huja na kuondoka, ni vya *ser*: *es rico, es pobre*. Ujana pia, *es joven*. Hapa hata "amekuwa tajiri" isikushawishi.

Vivumishi vinavyobadili maana

Kuna vichache ambavyo ukikosea kitenzi unasema jambo lingine kabisa. *Es listo*, ni mwerevu. *Está listo*, yuko tayari. *Es vivo*, ni mjanja. *Está vivo*, yu hai. *Es seguro*, ni salama. *Está seguro*, ana hakika. *Es verde*, ni rangi ya kijani. *Está verde*, ni bichi, halijaiva, kama embe la kuchumwa mapema. *Es aburrido*, anachosha wenzake. *Está aburrido*, yeye ndiye aliyechoshwa. *Es rico*, ni tajiri. *Está rico*, ni kitamu.

Ona jinsi upande wa *estar* mara nyingi unavyotafsirika kwa "yuko", "yu" na "-ja-", wala si kwa "ni" tupu. Hata salamu yetu ya zamani inafuata mkondo huo: "u hali gani?" ni *¿cómo estás?* Ukisema *¿cómo eres?* umemuuliza mtu ni wa namna gani, kwa sura au kwa tabia.

Kutoka sasa kwenda zamani

Hapa msaada wa Kiswahili unapungua, kwa sababu "alikuwa" hufunika sura nne za Kihispania.

*Ser*: fui, fuiste, fue, fuimos, fuisteis, fueron, na era, eras, era, éramos, erais, eran.
*Estar*: estuve, estuviste, estuvo, estuvimos, estuvisteis, estuvieron; na estaba, estabas, estaba, estábamos, estabais, estaban.

Kwanza chagua kitenzi kwa majaribio ya hapo juu, ndipo uchague mstari. Usivifanye vyote kwa mara moja. "Nilipokuwa" huashiria mandhari, kitu kilichokuwa kikiendelea wakati jambo jingine likitokea: nilipokuwa mtoto, *cuando era niño*, nilipokuwa Lima, *cuando estaba en Lima*. "Nilikaa siku tatu" imefungwa, ina mwanzo na mwisho: *estuve tres días en Lima*. Mechi iliyokwisha unayoitolea hukumu, *fue un gran partido*. Anga ya usiku ule kabla hujaanza kusimulia, *era de noche y estaba lloviendo*.

*Fui* hushangaza wengi kwa kuwa ni wakati uliopita wa *ser* na wa *ir*, kwenda, kwa herufi zile zile. *Fui profesor*, nilikuwa mwalimu; *fui a Madrid*, nilikwenda Madrid. Kile *a* kinachotangulia mahali kwa kawaida hukuondolea wasiwasi.

Dhamira tegemezi, ile sura ya kutaka au kuombea jambo, ina faraja ndogo. Sisi hubadili "-a" ya mwisho kuwa "-e": anaimba, aimbe. Kihispania hufanya vivyo hivyo kwa vitenzi vya *-ar*: *canta, cante*, na *estar* haiachwi nyuma: *está, esté*. Ndivyo usemavyo *ojalá esté bien*, na awe salama, kwa neno *ojalá* ambalo Wahispania walilipata kwa Kiarabu likiwa na jina la Mungu ndani yake. *Ser* huenda njia yake: *sea, seas, sea, seamos, seáis, sean*.

Tendo linaloendelea ni *estar* daima: anakula, *está comiendo*. Ila "-na-" yetu ni pana zaidi. "Kesho ninasafiri" ni *mañana viajo*. *Estoy viajando* ni ya aliye njiani sasa hivi.

Na pale Kiswahili kinaposema "kuwa na", weka vitenzi vyote viwili kando. Nina njaa, *tengo hambre*. Nina miaka ishirini, *tengo veinte años*. Ni *tener*, tena neno kwa neno.

Kosa lipi ni zito

Makosa hayalingani uzito. *Soy cansado* itasikika vibaya, lakini utaeleweka na pengine utaletewa kiti. *Estoy de Mombasa* nayo itaeleweka. Usipoteze usingizi kwa hayo katika mazungumzo, yasahihishe unapoandika. Yanayohitaji uangalifu tangu siku ya kwanza ni yale yanayozaa sentensi nyingine iliyo sahihi. Anayeulizwa kwenye usaili wa kazi na kujibu *estoy listo* amesema yuko tayari kuanza. Akijibu *soy listo* amejisifu kwamba ana akili. *Soy aburrido* ni kujitangaza kuwa mtu wa kuchosha. Na anayetafsiri "niko poa" kwa *estoy bueno* ajue kwamba, kwa mtu, *estar bueno* husemwa juu ya mvuto wa mwili, na si maneno ya kumwambia mwenyeji wako mezani. Jibu ni *estoy bien*. Neno *bueno* liachie chakula chake: *está muy bueno*, na atafurahi.